Mutu Haiko Cobaye

Bafwasende, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Kwa mutoto wa dada yangu, Fortunée,

Nakusalimia kwanza, nyuma nakuuliza. Sadrack alifika jana na pikipiki yake, na kikapu ilikuwa ingali imejaa. Nilituma dende kumi na mbili. Kumi na moja zilirudi, moja ilikufa na joto ku njia. Nikamuuliza, "Maabara ilikuwa imefungwa?" Akasema hapana, ilikuwa wazi, watu walikuwa mu kazi. "Walisema nini?" Akasema, "Papa, walisema rudisha, hatuzihitaji tena." Hakuna karatasi, hakuna neno.

Miaka sita, Fortunée. Hata wakati barabara ilikatika nilituma. Ni wewe ulinifundisha: isiwe na kidonda, isiwe na mimba, dume zikae mbali. Kwetu Lubero dende, hizi nyama ndogo bila mukia, zinafugwa chini ya kitanda, zinakula majani ya viazi, na siku ya mugeni zinaingia mu chungu. Hapa nilizijengea nyumba ya mbao kwa ajili yenu. Ku parokia nilikuwa nasema: hizi nyama zangu zinatafuta dawa ya kansa.

Kama mumepata mutu mwingine wa kuwaletea, sema. Kama nilikosa, sema. Antenne ya simu hapa imekufa tangu Pasaka, na hata ingekuwa nzima, maneno ya hivi hayasemwi mbele ya watu wanaongoja zamu. Andika.

Tantine yako Clémence anakusalimia. Anachoka kidogo, ni kazi ya shamba.

Tonton yako,
Mumbere

*

Kisangani, Simi-Simi, 11/6/2024

Tonton wangu,

Nimeona aibu kusoma barua yako. Siku Sadrack alipoleta kikapu mimi nilikuwa hospitali kikazi, la sivyo ungepata angalau mstari mmoja. Hakuna mtu mwingine anayetuletea. Hukukosa. Dende zako zilikuwa safi kuliko zote tulizowahi kupokea.

Wakubwa wa maabara wameamua tuache kujaribu dawa juu ya wanyama. Unaijua kazi yetu. Tunachukua maganda ya miti ya msituni, yale ambayo waganga wanawachemshia wagonjwa, tunatafuta kama kuna ganda linaloua kansa. Zamani tulikuwa tunampa dende na kungoja. Sasa tuna njia nyingine. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukizichukua zingali hai, ukazitia katika chupa bapa yenye maji ya chakula chake, ukaifungia katika kabati lenye joto la mwili, zinaendelea kuishi na kuzaana. Tunazidondoshea dawa, kisha tunaangalia kwa hadubini ni zipi zinakufa. Hakuna mnyama anayeteseka, na jibu tunalopata ni la chembe za mtu, si za dende.

Chembe hizo zinatoka kwa wanawake wanaopasuliwa matiti. Ni kipande kama punje ya haragwe, kutoka katika uvimbe ambao ungetupwa.

Usizichinje zote, tonton. Hata hapa sokoni watu wanazitafuta kwa kula. Mwambie tantine apumzike.

Mwanao,
Fortunée

*

Bafwasende, tarehe 25 mwezi wa sita

Fortunée,

Barua yako nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, juu ulisema sikukosa. Mara ya pili niliona ile neno ya kipande. Mara ya tatu sikumusomea tena tantine yako, niliiweka mu mufuko ya koti.

Unamukumbuka Mama Khadija, bibi ya Asumani muuza sabuni. Mwaka jana walimupeleka kwenu Kisangani, wakamukata titi. Alirudi, nyuma ya miezi mine akakufa. Asumani anasema ku soko mbele ya kila mutu: nyama ya bibi yangu ilibaki kule, wameiweka mu chupa, wanaikulisha, ingali inaishi. Mimi nilikuwa nasema ni uchungu inamusemesha. Sasa wewe, mutoto wa dada yangu, unaniandikia kwa mukono yako: zinaendelea kuishi na kuzaana.

Donc, kumbe ni kweli? Khadija iko mu chupa?

Kwa kifaransa hii neno cobaye iko na maana mbili, unaijua kunipita. Ni dende, na ni mutu wanayejaribia mambo juu yake. Naona mumeacha ya kwanza, mumechukua ya pili. Dende nilikuwa nazilinda mimi. Wale wanawake nani anawalinda?

Swali ingine, haiko ya kwetu. Kuko mama moja wa parokia, iko na kitu kigumu mu titi, kama mbegu ya kahawa, haiumi. Watu kama hao munawakata mbiyo mbiyo, ao kuko dawa ya kunywa? Anauliza tu.

Mumbere

*

Kisangani, 4/7/2024

Tonton,

Kuhusu Mama Khadija siwezi kukujibu. Si kwamba nakudharau. Mgonjwa akiingia hospitali, habari za mwili wake ni zake, na mimi sina ruhusa ya kuziweka katika barua inayopita mikono ya dereva na ya askari wa barrière tano za njiani. Naomba unielewe.

Kuhusu mama wa parokia: nadhani umeniuliza hivyo kwa kunitega, uone kama tunakimbilia kukata watu ili tupate vipande. Sikasiriki. Lakini kama mama huyo yupo kweli, mwambie asingoje. Uvimbe usiouma ndio wa kuogopa. Kama ngozi imeanza kujikunja kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani, apande pikipiki wiki hii. Daktari anajua la kufanya, na kabla ya kisu anaeleza kila kitu.

Ni nani? Ana miaka mingapi?

Na tantine, ule uchovu umekwisha?

Fortunée

*

Bafwasende, tarehe 22 mwezi wa saba

Fortunée,

Mama wa parokia haiko. Ulisema vizuri, nilikutega.

Sasa nimesikia ingine. Sadrack alikunywa chai na mulinzi wa maabara yenu. Wewe uliniandikia "wakubwa wameamua". Mulinzi anasema ni madame Fortunée aliandika rapport ya kufukuza dende, aliisoma mbele ya watu, wakamupigia mikono. Ni wewe. Ulikula ugali yangu ukiwa mutoto, ukalala mu nyumba yangu wakati mama yako alikufa, na ulishindwa kuniambia kwa kinywa chako.

Kama hii jambo kidogo ulinificha, ile kubwa unaificha namna gani? Ninakuuliza juu ya Khadija, unanijibu sheria. Mutu mwenye haiko na kitu ya kuficha anasema hapana, na inaisha.

Usitume tena salamu kwa tantine yako. Iko muzima.

Mumbere

*

Bafwasende, tarehe 2 mwezi wa nane

Fortunée mutoto wangu,

Ni mimi Tantine Clémence. Mukono yangu haijazoea kuandika, usinicheke. Tonton yako alienda ku mukutano wa parokia, nikatosha barua zako mu koti yake, nikasoma. Yule mama wa kitu kigumu ni mimi.

Niliisikia siku ya Pasaka nikioga. Ilikuwa kama mbegu ya kahawa. Leo ni kama ndimu. Tonton yako anajua. Ananipaka majani, anasali, analia akifikiri simuoni. Haiko mutu mubaya, unamujua. Anaona kama akinileta kwenu mutanigawa, nusu itarudi na nusu itabaki mu chupa. Na mimi naogopa. Lakini ile ngozi uliandika, ya chungwa, nimeiangalia mu kioo, imeanza.

Sema nifanye nini. Jibu umupatie Sadrack, alete mu mukono yangu.

Clémence

*

Kisangani, 6/8/2024

Tantine,

Njoo. Usingoje barua nyingine. Sadrack atakubeba, nimeshasema naye. Ukifika mjini mwambie akulete moja kwa moja hospitali, uniulizie mimi. Kitanda kipo, daktari nimemweleza. Lete karatasi zote za zahanati ya huko kama unazo, na nguo ya baridi.

Nisamehe sikuelewa.

Fortunée

*

Bafwasende, tarehe 13 mwezi wa nane

Fortunée,

Barua yako nimepewa mimi. Sadrack ni mutoto wa watu, nilimuangalia mu macho akashindwa kuificha.

Donc munaandikiana. Unamuita bibi yangu kama wanavyoita kuku, njoo, kitanda kipo. Haukuniuliza. Haukusema, tonton, tuzungumuze. Kwa nini haraka hii yote? Nitakuambia sababu. Nyama zangu hamuzitaki tena, sasa munataka titi ya bibi yangu.

Miaka sita nilituma viumbe kwenu. Zile mulipokea, hata moja haikurudi, na sikuuliza mulizifanya nini, juu nilijua. Ndiyo maana naogopa. Mutu mwenye haijawahi kutuma kitu kule anaweza kuwa na imani. Mimi nilikuwa nafunga kikapu na mikono yangu.

Clémence haiendi. Mutu haiko cobaye.

Mumbere

*

Kisangani, 17/8/2024

Tonton,

Nitakueleza yote, kisha ufanye unavyoona.

Ndiyo, ripoti niliandika mimi. Nikajificha nyuma ya neno "wakubwa" kwa sababu niliogopa kupokea barua kama hii. Niliiandika kwa ajili ya ganda moja. Mwaka juzi tulizilisha dende zako kumi ganda hilo. Zilikula, zikanenepa, hata moja haikudhurika. Tukafurahi, tukasema ni salama, tulikuwa karibu kuomba ruhusa ya kumpa mgonjwa. Ndipo tulipopokea chembe za ini la mtu kutoka nje, tukazidondoshea maji ya ganda lile. Siku mbili hazikufika, zilikufa zote. Dende hazikutudanganya kwa ubaya, zilitujibu habari za dende. Sikulala vizuri wiki nzima nikifikiri juu ya mgonjwa ambaye tungemuua huku tunacheka.

Kuhusu Khadija: Karima, binti yake, anauza mboga hapa mjini. Nilimwendea nikamwomba ruhusa ya kukuambia. Aliendelea kufunga mafungu yake. Mwishoni akasema, "Mwambie. Hata mimi mlipaswa kuniambia." Mama yake aliulizwa, akakubali, akaweka kidole kwenye karatasi. Hakumwambia Asumani. Chembe zake ziliishi siku kumi na tisa. Kisha umeme ulikatika mchana kutwa, kabati likapoa, chupa zikaingia ukungu, tukachoma kila kitu. Hakuna Khadija katika chupa. Alikufa kwa sababu alifika amechelewa. Kosa letu ni hili: tulidhani karatasi inatosha, hatukwenda kuzungumza na watu wa nyumbani kwake. Uchungu wa Asumani tumeupanda sisi.

Sasa tantine. Kama huniamini mimi, mpeleke kwa daktari mwingine yeyote, mji wowote, mimi nisimguse hata kwa kidole. Lakini mpeleke.

Fortunée

*

Bafwasende, tarehe 31 mwezi wa nane

Fortunée,

Nimetoka shamba. Bibi yangu haiko. Kitenge yake ya bluu haiko. Ile barua yako ya "njoo", niliiweka mu koti pamoja na zingine, haiko. Sadrack, wanasema alipita asubuhi na mutu nyuma.

Barua yako ya mwisho sijafungua. Niko nayo mu mukono. Natuma hii na camion ya mpunga.

Kama iko kwako, mukisha kumukata na mukisha kuchukua yenye munachukua, nani ataniambia ukweli?

Mumbere

*

Kisangani, 9/9/2024

Tonton,

Tantine yupo hai. Amelala kitanda cha pili kutoka dirishani, anakula, jana aliomba mboga ya pondu akasema imepikwa bila adabu. Walitumia siku mbili njiani. Sadrack alimfunga mgongoni pake kwa kitenge kile cha bluu asianguke, walifika matope mpaka magotini. Kabla ya kuondoka alikuachia chakula chini ya sahani, anauliza kama ulikiona.

Daktari alimpasua tarehe 5. Uvimbe umetoka wote, na titi lote, hapakuwa na njia nyingine. Sitakudanganya: tumechelewa kidogo, hatujajua kama tumechelewa sana.

Siku moja kabla ya kisu nilimwendea na karatasi. Mwenzangu Edouard alisema atakwenda yeye, nikaona kumwachia ni woga. Nikamwambia, "Tantine, kuna kipande kitakwenda kwa mtaalamu ajue ni kansa ya aina gani. Hicho ni cha matibabu yako, lazima. Kuna kingine, kama punje ya haragwe, tunachoomba kwa utafiti. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

Akaniuliza, "Nikikatala, utanikasirikia?"

"Hapana."

"Basi nakatala."

Nakiri kwamba nilitegemea atakubali. Karibu chembe zetu zote zilikufa mwezi wa nane. Mkubwa wangu akaniambia nirudi kesho yake nimuulize tena taratibu, ni mke wa mjomba wangu, hatanikatalia tena. Sikurudi. Niliandika katika kitabu: Amekataa.

Najua hutaamini. Njoo uangalie.

Fortunée

*

Kisangani, Simi-Simi, tarehe 16 mwezi wa kenda. Naacha hii ku meza yako.

Fortunée,

Nilifika jana. Sikutangulisha habari, nilitaka kufika kama mutu hangojewi. Leo nilipanda toleka, baiskeli ya kulipa, mpaka hapa. Ulikuwa ku hospitali, na nilijua, ndiyo maana nilikuja hii saa. Nilisema mimi ni mutu wa dende, mulinzi akafungua. Yule Edouard akanipokea vizuri. Sikumuambia habari ya bibi yangu. Nilisema, "Nionyeshe chupa zote."

Akafungua ile kabati ya joto. Nikaweka miwani. Chupa haziko na majina, ziko na namba tu. Nikasema mu moyo, ndiyo hii. Mutu akigeuka namba, nani atamutafuta? Nikaomba kitabu cha majina. Edouard akakatala, alisema majina ya wagonjwa hayaonyeshwi mutu. Hapo ndipo nilisema mimi ni bwana ya Clémence, na nilipandisha sauti, watakuambia.

Hakunifukuza. Aliniomba nikae, akachukua pikipiki, akaenda mpaka ku kitanda cha Clémence kumuuliza. Nilikaa saa moja na nusu. Akarudi na neno yake: "Mumuonyeshe mustari yangu tu." Akafunika mistari ya wengine na karatasi, chini na juu. Nikasoma jina ya bibi yangu, na nyuma yake "Amekataa", na mukono ni yako. Hakuna namba ya chupa.

Nilisoma mara mingi. Nilishika karatasi kwa mwangaza kama kuko kitu kilifutwa. Hakuna.

Nyuma Edouard alinipatia kuchungulia mu ile mashini. Ni za mama mwingine, sikuuliza nani. Nilifikiri nitaona nyama. Niliona vitu vidogo vinang'aa, vinashikana pembeni kama watu wanaongoja kitu. Niliondoa jicho, nikajua nimemuchungulia mutu hajanipa ruhusa.

Barua yako ya mwezi wa nane nilifungua ku njia, pale tulingoja camion itoke mu matope. Nimesoma juu ya dende kumi na ini. Ulipashwa kuniambia zamani. Ningekasirika, lakini ningesikia.

Sasa naenda kwake. Aliniwekea chakula chini ya sahani siku alinikimbia, na mimi nilimufichia barua yake mu koti. Sijui nitaanzia wapi.

Mumbere

*

Bafwasende, tarehe 27 mwezi wa kumi

Fortunée mutoto wangu,

Tulifika muzuri. Kidonda imekauka. Mukono haipandi juu vizuri, nainyoosha ku ukuta kila asubuhi kama masoeur, yule mutawa wa hospitali, alinifundisha. Tonton yako ananitekea maji, wanawake wa kisima wanamuangalia, na yeye anajifanya hawaoni. Juu yako bado hasemi mingi. Usimusukume.

Wiki ile ingine Asumani alianza maneno yake ku soko. Tonton yako akamuambia, "Kaa, nikuambie." Waliingia mu hangari ya sabuni, mvua ikanyesha mpaka ikaisha. Asumani alitoka bila kusalimia mutu, akafunga duka siku tatu. Sijui ameipokea namna gani. Nilimupelekea bibi yake wa pili ndizi.

Nataka kukuambia kwa nini nilikatala. Najua uliumia, niliona uso yako hata ulisema hapana. Sikuwa nawaogopa tena. Ile dawa mimi natamani muipate, hata kesho. Lakini angalia: tangu Pasaka kila mutu alikuwa na neno ya kusema juu ya hii titi. Tonton yako alisema haiendi. Wewe uliandika njoo. Sadrack alisema panda. Daktari alisema inatoka yote. Mulisema hivyo kwa sababu munanipenda, najua. Hakuna mwenye alisema, Clémence, unataka nini. Siku uliniletea karatasi, ilikuwa mara ya kwanza mutu ananiuliza kitu yenye iko na majibu mbili. Nikataka kuona kama ile ya pili ni majibu ya kweli, ao ni ya kupamba karatasi.

Nilisema nakatala, nikakaa nikingoja mutu arudi kunibembeleza. Hata nyuma ya kisu, na ile maumivu yote, nilikuwa naangalia mulango. Haukurudi. Ulikuja tu na uji.

Sasa daktari anasema kuko kingine kidogo mu kwapa, nirudi mwezi wa kumi na mbili wakitoshe. Tonton yako atanileta yeye mwenyewe, ameshaongea na Sadrack. Kuja na karatasi yako, wewe, usitume Edouard. Kuja tonton yako akiwa amekaa hapo pembeni yangu, asikie. Niulize tena.

Jibu sikupi leo.

Tantine yako,
Clémence